Tuwafunze watoto visukuku kwa maneno sahihi

Jioni moja mwanangu aliye katika gredi ya tano alirejea nyumbani kutoka ziara ya shule katika jumba la makumbusho. Alikuwa amechoka na viatu vimejaa vumbi, lakini kilichomsumbua hakikuwa uchovu. Aliuweka mkoba chini akaniuliza: "Mama, ni kweli babu zetu walikuwa nyani? Na kama ni kweli, mbona wale nyani wa kando ya barabara kule Gilgil hawajageuka kuwa watu mpaka leo?"

Nimefundisha isimu chuoni kwa miaka mingi, na nimezoea maswali ya wanafunzi wa shahada. Hata hivyo, swali hilo lilinikwamisha. Nilifungua daftari lake nikakuta fasili ya mistari miwili ya Kiingereza, iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka ubaoni. Nilipomtaka anifafanulie maana yake kwa Kiswahili, alinijibu kwa sentensi aliyokuwa ameisikia darasani: mtu alitokana na nyani kwa njia ya mageuzi. Nilitambua papo hapo kwamba kosa halikuwa la mtoto, wala halikuwa la sayansi. Kosa lilikuwa katika maneno.

Tuanze na hilo neno nyani. Kila mtoto wa Kenya anamjua nyani: ni yule mnyama mwenye pua ndefu kama ya mbwa, aibaye mahindi shambani. Mtoto akiambiwa kuwa alitokana na mnyama huyo, ama atacheka ama atakasirika. Ukweli ni kwamba hakuna mtaalamu wa visukuku anayedai kuwa mtu alitokana na nyani huyu tumwonaye leo. Wanalosema wataalamu ni kwamba binadamu na sokwe wana mababu wa pamoja walioishi zaidi ya miaka milioni sita iliyopita, na kwamba ukoo wa nyani ulikuwa umejitenga na ukoo huo mapema zaidi. Nyani wa Gilgil basi si babu yetu. Ni jamaa wa mbali mno, kama binamu ambaye udugu wake hautajwi ila na wazee. Watoto wetu wanaijua lugha ya ukoo tangu utotoni. Wanajua kuwa mtu hazaliwi na binamu yake, na kwamba binamu wawili huwa na babu mmoja. Mwalimu akiitumia lugha hiyo, nusu ya somo imekwisha.

Neno la pili ni mageuzi. Wale wa rika langu watakumbuka kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 neno hili lilikuwa midomoni mwa kila mtu, wakati wananchi walipodai mfumo wa vyama vingi, ambao uliruhusiwa tena mwezi wa Desemba 1991. Mageuzi hayo yalikuwa na wenye kuyadai na wenye kuyapinga, na yalikusudiwa. Mabadiliko ya viumbe hayakudaiwa wala kupangwa na viumbe wenyewe. Zaidi ya hayo, kitenzi kugeuka kina historia yake katika ngano zetu. Ni mtoto gani asiyejua hadithi ya zimwi aliyegeuka kijana mtanashati ili amwoe msichana mwenye maringo? Katika ngano hugeuka kiumbe mmoja, na hugeuka mara moja. Haishangazi kwamba mwanangu aliwangoja nyani wa Gilgil wageuke.

Sipendekezi tulitupe neno mageuzi, kwa kuwa limekwisha kukita mizizi vitabuni. Ninachosema ni kwamba lisiachwe peke yake. Mwalimu aeleze kuwa hakuna mnyama mmoja aliyebadilika akawa mwingine. Watoto hufanana na wazazi wao, lakini hawawi sawasawa nao. Wale ambao tofauti zao ziliwafaa zaidi katika mazingira yao waliishi na kuzaa kuliko wenzao, na tofauti hizo zikarithiwa. Baada ya maelfu ya vizazi, kizazi cha mwisho huwa hakifanani tena na kile cha kwanza. Wahenga walikuwa na msemo unaolifaa somo hili: haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tuje kwenye kisukuku chenyewe. Siku hizi watoto husikia redioni habari za nishati ya visukuku, na wengi hudhani kuwa neno hilo ni jina jingine la petroli. Kisukuku ni masalia au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhika ardhini. Mnyama hufa kando ya ziwa, akafunikwa na tope kabla fisi hawajamtawanya. Nyama huoza. Mifupa hubaki, na maji yenye madini huipenya polepole mpaka ikawa mizito na migumu kama jiwe. Baadaye ardhi huinuka, mvua na upepo huimomonyoa, na ule mfupa hujitokeza tena juani. Ni viumbe wachache sana waliopata kuhifadhiwa hivyo. Alama nazo ni visukuku: katika miaka ya 1970, huko Laetoli nchini Tanzania, kundi la Mary Leakey lilipata nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkeno, miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita.

La kusikitisha ni kuwa haya yote hufundishwa kama mambo ya mbali, katika nchi ambayo mtoto huweza kukanyaga visukuku akienda kisimani. Mtoto wa Mombasa na mtoto wa Lamu huegemea kuta zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni ya mawe hayo. Matumbawe hayo yalikuwa viumbe hai baharini kabla ya kuwa mwamba, na mwamba wa pwani yetu una umri wa zaidi ya miaka 100,000. Mwalimu wa huko hahitaji picha. Awatoe wanafunzi nje, awaonyeshe vitundu na mistari katika jiwe, na awaulize: nani aliyevichonga? Vivyo hivyo, huko Kariandusi karibu na Gilgil huchimbwa udongo mweupe ambao ni maganda ya viumbe vidogo mno vya majini, jamii ya mwani, waliojaa katika ziwa la kale. Na katika kisiwa cha Rusinga ndani ya Ziwa Victoria, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita.

Ugumu mwingine ni wakati. Mtoto ambaye kwake juzi na zamani ni jirani hawezi kuupata mfano wa miaka milioni elfu. Napendekeza kamba. Mwalimu aipime kamba ya mita 46 uwanjani, na kila mita iwe miaka milioni 100. Mwanzo wa kamba ni kuumbika kwa dunia. Mwisho wake ni leo. Kwenye mita ya 11 hivi asimame mtoto wa kwanza: hapo ndipo zinapopatikana dalili za uhai zinazokubalika na wengi, za vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kisha watembee mita nyingi bila ya kukutana na mnyama yeyote. Wanyama wenye magamba na maganda magumu wanaanza kuwa wengi zikiwa zimebaki mita tano na nusu tu. Dinosaria wakubwa wanatoweka zikiwa zimebaki sentimita 66. Binadamu wa namna yetu anaingia mwishoni kabisa, katika milimita tatu, ambazo ni pungufu ya punje ya mchele. Mtoto aliyeitembea kamba hiyo hatauliza tena kama watu waliwinda dinosaria.

Kabla ya kuikunja kamba, mwalimu aonyeshe sentimita moja na nusu kutoka mwisho, yaani upana wa kidole. Hapo ndipo alipoishi yule mvulana wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso, ambacho rangi yake haikutofautiana na ya kokoto zilizokizunguka. Uchimbaji uliofuata ulifichua karibu kiunzi kizima cha kijana aliyefariki kabla ya kubaleghe, miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita. Umri huo haukubuniwa. Huko Turkana tabaka za udongo zimepishana na tabaka za majivu ya volkeno, na majivu hayo yana madini ya potasiamu ambayo hubadilika kuwa gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana na kupimika.

Bwana Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, hakupitia chuo kikuu. Alianza kazi hii kama mchimbaji, na alitegemea jicho lililofunzwa kutambua. Watoto waelezwe habari zake, hasa wale wachungao mbuzi Turkana, Baringo na Kajiado. Sheria yetu ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 humtaka apataye kitu kama hicho atoe taarifa. Lakini mtoto ataripotije asichokijua? Asiyejua kisukuku ni nini atalirushia mbuzi jiwe hilo.

Najua wapo walimu wanaoliruka somo hili kwa kuhofia kuikwaza imani ya wazazi. Hofu hiyo haikuzuka bure. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa dini walipinga jinsi masalia ya binadamu wa kale yalivyokusudiwa kuonyeshwa katika makumbusho ya taifa. Kwa maoni yangu, mwalimu hana ruhusa ya kuidhihaki imani ya mtoto, lakini pia hana ruhusa ya kumficha mfupa. Kazi yake ni kuonyesha kilichopatikana, mahali kilipopatikana na jinsi kilivyopimwa. Na naamini kuwa sehemu kubwa ya ugomvi huo imechochewa na sentensi ile ile mbovu niliyoletewa nyumbani. Mzazi anayesikia kuwa mwanawe amefunzwa kuwa yeye ni mjukuu wa nyani ana haki ya kukasirika, kwani hata sayansi haisemi hivyo.

Sayansi katika gredi hiyo hufundishwa kwa Kiingereza, na sitarajii jambo hilo libadilike kesho. Lakini kila mwalimu ajua kuwa maelezo yanayomwingia mtoto ni yale anayopewa kwa lugha aizoeayo, baada ya ubao kuandikwa. Maelezo hayo yaandaliwe kwa uangalifu ule ule. Waandishi wa vitabu watuwekee faharasa ya Kiswahili, na walimu wa Kiswahili wakae na wenzao wa sayansi wakubaliane juu ya maneno.

Usiku ule nilichora mti wa ukoo nyuma ya daftari la mwanangu: tawi la nyani, tawi la sokwe, na tawi letu. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole pale matawi mawili ya mwisho yanapokutana. "Huyu," akaniuliza, "mifupa yake imeshapatikana?"

Nilimwambia kuwa bado inatafutwa.