Jina la Mwanafunzi Linapogeuka Alama za Kuuliza

Safari hii tumeona tuzungumze na vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti, juu ya jambo linalowatoa jasho wengi: jina limeandikwa vizuri kwa Kiarabu, likahifadhiwa, na lilipofunguliwa tena likatoka "????".

Tovuti yenye orodha ya watu huwa na hifadhidata nyuma yake, yaani daftari la kompyuta. Inayotumika sana ni MySQL, programu huria iliyoanza mwaka 1995. Mmoja wa waanzilishi wake, Michael Widenius wa Finland, aliipa jina la binti yake, My. Mwaka 2009 alianzisha nyingine inayofanana nayo, MariaDB, akaiita kwa jina la binti yake mdogo.

Sasa, kompyuta haijui alifu wala bee. Inajua namba tu. Kila herufi ina namba yake, na namba hiyo huandikwa kwa baiti. Katika utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, herufi tunazoandikia Kiswahili huchukua baiti 1 kila moja, za Kiarabu baiti 2, na emoji nyingi, vile vijisura vya kwenye simu, baiti 4. Kwa hiyo محمد ni herufi 4 lakini baiti 8.

MySQL kwa miaka mingi, usipoiambia kitu, ilishika utaratibu uitwao latin1, wa lugha za Ulaya Magharibi, ambao hauna nafasi ya Kiarabu. Mambo yalibadilika katika toleo la 8.0, mwaka 2018, lakini majedwali ya zamani hayabadiliki yenyewe.

Hapo huja maradhi mawili, na ni lazima kuyatofautisha kabla ya kugusa kitu. Ukiona vitu kama Ù…Ø, usifute! Mara nyingi baiti za Kiarabu zimo, ila zinasomwa kwa utaratibu usio wake. Chukua nakala kwanza. Kama safu ni ya latin1, igeuze kuwa BLOB, kisha ndiyo uipeleke utf8mb4. Ukiipeleka moja kwa moja, MySQL itatafsiri yale makosa na kuyahifadhi kama maandishi halali.

Alama za kuuliza ni jambo zito zaidi. Iulize hifadhidata kwa HEX(jina). Ikijibu D9 na D8, jina ni zima na kasoro iko kwenye muunganisho tu. Ikijibu 3F3F3F3F, basi kilichohifadhiwa ni alama za kuuliza zenyewe, na jina halimo tena. Hapo utarudi kwenye fomu za karatasi, kama hazijatupwa.

Na kuna mtego mwingine. Katika MySQL, utaratibu ulioitwa "utf8" ulipokea baiti 3 tu kwa kila herufi. Kiarabu kinaenea, kwa hiyo mtu hudhani yuko salama, hadi mzazi mmoja aandike ujumbe mrefu wenye emoji katikati. Matoleo ya zamani yaliukata ujumbe pale pale na kutupa uliobaki. Kuanzia toleo la 5.7, mwaka 2015, kwa kawaida hukataliwa wote. Tumia utf8mb4, iliyopo tangu 2010, na uitaje kwenye jedwali, kwenye muunganisho na kwenye ukurasa wenyewe.

Harakati nazo ni herufi kamili kwa kompyuta. Anayetafuta jina bila shadda huenda asilipate lililoandikwa kwa shadda. Sisi tunaona bora kuweka safu mbili: moja kama mzazi alivyoandika, nyingine bila harakati kwa ajili ya kutafutia.

Namba za simu ziwekwe kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea.

Ama nakala ya akiba, irudishe kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuitegemea, na cha kwanza kutazama kiwe safu ya majina ya Kiarabu.