KUTUNZA MATINI KWA MBALI: FAILI, SEVA NA MATOLEO KATIKA UTAFITI WA KIKAMBA

1. Utangulizi

Anayekusanya msamiati wa lugha hukabiliwa na maswali mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni la mahali: data iwekwe wapi hata watafiti walio mbalimbali waweze kuifikia? La pili ni la wakati: tutajuaje data hiyo ilikuwaje jana, na ni nani aliyeibadili? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo yanahitaji vyombo viwili tofauti, na kwamba asiyevitofautisha huweza kupoteza ushahidi wa lugha bila ya kutambua.

Mfano wetu tutautoa Ikutha, kusini mwa Kitui. Hapa ndipo wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipokuwa na kituo katika miaka ya 1890, na mmoja wao, Johannes Hofmann, alitoa kamusi ya Kikamba mwaka 1901. Kamusi iliyopigwa chapa hutuonyesha uamuzi wa mwisho tu. Neno lililofutwa katika mswada, pamoja na sababu ya kulifuta, havionekani tena.

2. Kuifikia faili

Seva ni kompyuta inayohifadhi faili na kungojea maombi. Mteja ni programu iliyomo katika kompyuta ya mtafiti, ambayo hupeleka ombi na kupokea jibu. Kanuni za FTP, zinazoongoza mapatano hayo, ziliandikwa kwanza na Abhay Bhushan mwaka 1971. SSH, iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995, iliongeza ufichaji, ili yanayopita njiani yasisomwe na wasiohusika.

Tuseme mtafiti mmoja yuko Ikutha na mwenzake yuko Kibwezi, upande wa Makueni, ng'ambo ya mto Athi. Asubuhi kila mmoja anachukua nakala ya faili ile ile. Wa Ikutha anaongeza maana aliyoisikia kwa wazee wa huko. Wa Kibwezi anaongeza matamshi ya kwao. Wa kwanza anairudisha faili saa tisa, wa pili saa kumi. Seva hutii tu: faili ya saa kumi hukaa mahali pa ile ya saa tisa. Maana iliyotoka Ikutha imetoweka, wala hapana kosa lililotangazwa. Kwa mwanaisimu hasara hii si ndogo, maana kilichofutwa ni ushahidi wa lahaja.

3. Kutunza matoleo

Dawa ya tatizo hilo ni programu ya kudhibiti matoleo. Marc Rochkind alitunga SCCS mwaka 1972, na Dick Grune akaanzisha CVS mwaka 1986. Programu za namna hii huandika kila badiliko pamoja na tarehe, jina la aliyelifanya na maelezo yake.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kufunga: faili iliyo mikononi mwa mmoja haibadilishwi na mwingine. Ya pili ni kuunganisha: programu hulinganisha nakala zote mbili na ile ya asili. Mistari iliyobadilishwa ikiwa ni tofauti na imetengana, huunganishwa. Ikiwa ni mmoja, programu husita na kumwachia binadamu uamuzi. Kusita huku ndiko kunakookoa ushahidi.

Katika CVS na Subversion, iliyoanza mwaka 2000, historia hukaa kwenye seva moja. Mtandao ukikatika, toleo jipya haliwezi kuwekwa. Katika Git, aliyoitunga Linus Torvalds mwaka 2005, kila mtafiti kwa kawaida huwa na historia yote, huandika toleo popote alipo, na kuipelekea seva baadaye. FieldWorks, programu ya SIL inayotumiwa kutungia kamusi, hutegemea Mercurial, chombo cha aina hiyo hiyo. Kwa mtafiti wa nyanjani, ambaye hana hakika ya mtandao kila saa, njia hii inafaa zaidi.

4. Tatizo la herufi

Kikamba kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Katika Unicode herufi ũ yaweza kuandikwa kwa namba moja, au kwa namba ya u ikifuatwa na ya alama iliyo juu yake. Hivyo neno *mũndũ* katika UTF-8 huchukua baiti 7 kwa namna ya kwanza na baiti 9 kwa namna ya pili. Jicho halioni tofauti, lakini programu hulinganisha baiti, nayo itasema kwamba neno limebadilishwa. Watafiti wasipokubaliana mapema juu ya namna moja, historia yao itajaa mabadiliko yasiyo ya lugha, na yale ya kweli yatafichika humo.

5. Hitimisho

Ni dhahiri basi kwamba kuifikia faili si kuitunza. Lakini chombo kinachokumbuka yote kina wajibu wake: jina la msimulizi likiondolewa katika toleo la leo, lingali limo katika matoleo yaliyotangulia, na kila mwenye nakala ya historia aweza kulisoma. Hatuna budi, kabla ya kuweka toleo la kwanza, kuamua ni majina yapi yaingie, kwa idhini ya wenyewe, na ni yapi yabaki katika daftari.