Monita Isiyodanganya: Kwa Wanaohariri Picha Hapa Tabora

Msimu wa mahafali ukifika, kila mwenye kamera hapa chuoni anageuka fundi picha. Kupiga kunaisha jioni ile ile. Kinachobaki ni kuhariri, na malalamiko ya wateja huanzia hapo. "Mbona kwenye picha nimekuwa mweusi tii?" "Joho langu limekuwa kama limemwagiwa wino, halina hata mkunjo." "Mama yangu ni maji ya kunde, hapa mmemfanya wa njano." Tunailaumu kamera, tunailaumu studio iliyosafisha picha. Mara nyingi wa kulaumiwa ni kioo tulichokuwa tunakitazama usiku kucha.

Nimekuwa nikihariri picha za mahafali na sendoff kwa muda sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: bumu likiingia, ninunue monita gani? Jibu langu fupi: tafuta inayosema kweli, hata kama dukani ya jirani yake inapendeza zaidi. Jibu refu ndilo hili.

Picha ni namba, monita ni mizani

Mji wetu ulikua kwa misafara. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, takribani kilo 16 kila moja, na safari ya kwenda Bagamoyo ilikuwa ya miezi. Aliyepima kwa mizani mbovu alikuja kuijua hasara yake pwani, akiwa ameshawalipa wapagazi. Kwetu pwani ni studio: kosa la monita unaliona picha ikishachapwa na hela ikishatoka.

Faili la picha ni namba tu. Katika JPEG ya kawaida kila pikseli ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ukizizidisha unapata rangi zaidi ya milioni 16. Kazi ya monita ni kuzigeuza namba hizo kuwa mwanga. Ikikosea, wewe unasahihisha kosa la monita ukidhani unasahihisha picha.

Sasa rudi kwenye malalamiko yale matatu. Kioo kikielemea bluu, unaongeza njano mpaka uso ukae sawa machoni pako. Studio inachapa njano uliyoiongeza, na mama wa watu anatoka kama mgonjwa. Kioo kikiwa na mwanga mkali mno, unaipunguzia picha mwanga, na kwenye karatasi mtu anakuwa mweusi kuliko alivyo. Kioo kikishindwa kutenganisha weusi na weusi, huoni mikunjo ya joho, basi unaibana bila kujua. Sisi tunaopiga watu weusi waliovaa majoho meusi saa saba mchana chini ya mwembe tunaihitaji monita ya kweli kuliko anayepiga theluji.

Aina ya kioo

Kuna aina tatu utakazokutana nazo. TN ni ya bei nafuu, na imejaa kwenye kompyuta mpakato za zamani. Inua kichwa kidogo tu, rangi zinageuka. Kwa kuandika tasnifu inatosha, kwa picha hapana. VA ina weusi mzito, mara nyingi uwiano wa 3000 kwa 1 kati ya sehemu angavu na sehemu nyeusi, lakini ukiitazama kwa pembeni vivuli vinabadilika. IPS, iliyoanzia Hitachi miaka ya 1990, kwa kawaida ina uwiano wa kama 1000 kwa 1. Weusi wake si mzito hivyo, ila rangi hazihami unaposogea. Chukua IPS. Wawili mkikaa mbele ya kioo kimoja, wewe na mteja, mnaona picha ileile, na hilo peke yake linapunguza mabishano.

Eneo la rangi

Kila monita ina mipaka ya rangi inazoweza kuonyesha. Kipimo cha kawaida ni sRGB, kilichotengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Simu, intaneti na studio nyingi za kuchapa zinakitarajia hicho. Unachotaka ni monita inayofikia karibu asilimia 100 ya sRGB.

Kuna mtego kwenye maandishi ya kompyuta mpakato: "45% NTSC". NTSC ni kipimo kingine, kikubwa zaidi. Asilimia 45 yake ni kama asilimia 60 na kitu tu ya sRGB. Ukiona "72% NTSC", hiyo ndiyo inayokaribia sRGB nzima.

Tofauti hiyo utaiona ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Kuta za rangi ya udongo mwekundu, mlango wa mbao wenye nakshi, miembe ya kijani kizito. Kwenye kioo cha asilimia 60 wekundu wa ukuta unapauka na majani yanakuwa kijani kimoja. Unavuta rangi juu ili picha ichangamke, kisha mwenye simu nzuri anaifungua na kuona ukuta unaowaka moto. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu mwaka 2006, Kwihara ikiwemo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Wenzetu wa historia na utalii wanaopiga maeneo haya kwa ajili ya miradi yao wanaacha kumbukumbu. Rangi ya uongo kwenye kumbukumbu ni uongo pia.

Adobe RGB, ya mwaka 1998, ni pana zaidi, hasa kwenye kijani. Inamfaa anayechapa kwa printa maalumu. Ukimpelekea faili la Adobe RGB mwenye studio asiyelitarajia, picha inatoka imefifia. Kwa kazi zetu, sRGB inatosha kabisa.

Ukubwa na pikseli

Inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inakupa kama pikseli 92 kwa kila inchi. Ukichukua inchi 27 yenye pikseli hizohizo, zinashuka hadi 82, na utakuwa umelipia ukubwa bila kuongeza undani. Kwa inchi 27 tafuta 2560 kwa 1440, ambazo ni kama 109 kwa inchi. Bajeti ikibana, inchi 24 nzuri inaipita inchi 27 mbovu.

Wapo wanaounganisha televisheni bapa kwa sababu ni kubwa. Televisheni imetengenezwa ipendeze ukiwa kwenye kochi. Inaongeza ukali na inakoleza rangi bila kukuuliza. Angalieni filamu, msihariri.

Ukienda kununua mtumba

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, na hakuna aibu. Monita za maofisini kama Dell UltraSharp za IPS zinafika kwa mitumba, na ninaichukua hiyo kuliko TN mpya ndani ya boksi. EIZO ColorEdge au BenQ SW ukizikuta kwa bei ya kushikika, usiondoke.

Nenda na flashi yenye picha nne: ya nyeusi tupu, ya kijivu tupu, ya ngazi za kijivu kuanzia nyeusi hadi nyeupe, na ya uso wa mtu unayemfahamu. Kwenye nyeusi, zima taa uone kama mwanga unavuja pembeni. Kwenye kijivu, tafuta madoa na pikseli zilizokufa, na angalia kama upande mmoja una wekundu au ukijani. Kwenye ngazi, kila kidaraja cha giza kionekane peke yake. Kwenye uso, simama, kaa, sogea kushoto na kulia. Kisha soma namba ya modeli nyuma na uitafute kwenye intaneti ukiwa palepale, kabla hujatoa hela. Hakikisha pia ina HDMI au DisplayPort. VGA pekee ni dalili ya uzee.

Muuzaji akikwambia "bosi, hii haina haja ya kujaribiwa", mshukuru uende duka la pili.

Ukishaifikisha hosteli

Dukani na kiwandani monita huwekwa na mwanga mkali ili ikuvute. Ishushe. Kwa anayechapa, mwanga wa kadelai 80 hadi 120 kwa mita ya mraba ndio unaoshauriwa, na weupe wa kelvini 6500. Kama huna kipimo, shika karatasi nyeupe karibu na kioo chini ya taa yako. Weupe wa kioo usiupite sana wa karatasi. Zima ile hali ya usiku inayoifanya skrini iwe ya njano. Funga pazia, maana jua la Tabora la saa nane likipiga kwenye kioo hakuna IPS itakayokuokoa. Iache iwake nusu saa kabla ya kazi. Na uweke kilinda umeme; umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, hasara ni yako.

Jicho huzoea haraka. Baada ya dakika kumi, hata bluu utaiona nyeupe. Ndiyo maana wenye kazi hii hutumia kifaa kidogo cha kupimia rangi, kama Spyder au cha Calibrite, kinachowekwa juu ya kioo. Programu yake inaonyesha rangi, kifaa kinapima kilichotoka, kisha inatengeneza faili la kusahihisha tofauti. Unarudia kila mwezi au miwili, kwa sababu taa za monita hubadilika kadiri zinavyochakaa.

Mtu mmoja kukinunua kifaa hicho kwa hela ya bumu ni mzigo. Lakini kinapima kioo kimoja kwa dakika chache tu, kwa hiyo kimoja kinawatosha wapiga picha wote wa chuo. Sendoff tunachangishana, na hiki tuchangishane, au serikali ya wanafunzi ikiweke ofisini kiazimwe kwa kitambulisho. Tukikipata kabla ya mahafali yajayo, yule mama wa maji ya kunde atatoka na rangi yake.