Kofia Zilizowaasi Wenyewe

Wapo wasemao kwamba Mjerumani hajui mzaha, na kwamba hata akicheka hucheka kwa ratiba. Kila niyasikiapo maneno hayo huikumbuka filamu moja fupi, isiyotimia hata dakika kumi, aliyoitengeneza Hans Richter mwaka 1928. Jina lake ni Vormittagsspuk, kwa maana ya mizuka ya asubuhi.

Usitafute kisa ndani yake, msomaji. Hamna bwana arusi wala jambazi. Kuna saa, na kuna kofia: zile nyeusi za Kizungu, ngumu na za mviringo, ambazo zama hizo bwana mwenye cheo chake hakutoka nyumbani bila ya kuvaa moja. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufunzwa kwamba kofia ni heshima ya mtu. Basi heshima hizo zaruka! Zapaa angani kama kundi la kunguru, na wenyewe wabaki vichwa wazi. Bwana mwingine afunga tai yake, na tai yakataa kufungika. Wanaume wazima wapita nyuma ya nguzo nyembamba ya taa, wasitokee upande wa pili. Ndevu zaota videvuni na kutoweka kufumba na kufumbua. Hapo ndipo mimi huchekeshwa zaidi, kwani wenye ndevu wamekaza nyuso kama mahakimu.

Hila zake ni nyepesi. Kofia zilitundikwa kwa nyuzi nyeusi. Kamera ilisimamishwa, mtu akabandikwa ndevu, kisha ikaendelea kama kwamba hapana kilichotokea.

Lakini mzaha huo una mfupa ndani yake. Richter, mzaliwa wa Berlin mwaka 1888, alikuwa mchoraji. Alijeruhiwa katika Vita Vikuu vya Kwanza, na mwaka 1916 akajiunga mjini Zürich na wasanii wa Dada, waliokuwa wakiicheka Ulaya yenye adabu na nidhamu iliyowapeleka vijana wake kufia mahandakini. Ukijua hayo, kofia inayomkimbia bwana wake si mchezo wa watoto tena.

Muziki wake aliutunga Paul Hindemith, ambaye mwenyewe anaonekana katika filamu pamoja na mtunzi Mfaransa Darius Milhaud. Ilionyeshwa Baden-Baden mwaka huohuo wa 1928. Miaka mitano baadaye Hitler akashika hatamu. Maandishi yaliyotiwa mwanzoni mwa nakala iliyobaki yaeleza kwamba Wanazi waliiharibu nakala yenye sauti, wakiihesabu sanaa potovu. Yaongeza kwamba hata vitu huasi vinapotiwa amri kupita kiasi. Naam, serikali yenye vifaru na magereza ikaiogopa kofia!

Kwa wakati huo mzaha haukufa wote. Mwaka 1934 Oskar Fischinger alitengeneza tangazo la sigara za Muratti, na sigara zikapiga gwaride kwa safu, zikigeuka na kuteleza kama askari. Simsifii mtu sigara, lakini kuchezesha gwaride katika nchi ambayo mabarabara yalijaa gwaride la kweli, si jambo dogo. Mwaka 1936 alikwenda zake Hollywood. Richter naye aliingia Marekani mwaka 1941, akafundisha utengenezaji wa filamu New York, na akafariki mwaka 1976.

Linalonishangaza ni mwisho wa filamu ile. Saa yakaribia sita ya mchana, meza yaandaliwa, na kofia zarudi zenyewe vichwani, kila mtu na yake. Maasi yalikuwa ya asubuhi tu! Mkaguzi mwenye subira angeliona hilo akaiacha ipite.

Muziki wa Hindemith haukupatikana tena. Wanaoionyesha leo huitia muziki wautakao, piano au ngoma. Mimi huitazama kimya, nikisikiliza watu ukumbini wanacheka wapi.