Mashine Itembee, Kitambaa Kitulie

Juni na Julai, baridi ya Tunduma si ya kufanyia mzaha. Mji umekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe blanketi moja halitoshi. Miezi hiyohiyo, kama miezi mingine yote, kwenye vibaraza vya mafundi cherehani hufagiwa vipande vya vitenge kila jioni: pembe za magauni, mabaki ya mikono, kanda nyembamba za sketi. Katika mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ambako vitenge havikauki sokoni, mabaki hayo ni mengi mno kuishia jalalani. Yanaweza kuwa mfarishi: juu vipande vilivyoungwa, katikati tabaka la kutunza joto, chini kitambaa kizima, na tabaka zote tatu zikashikwa na mishono inayopita uso mzima.

Kuunga vipande hakumshindi fundi yeyote. Kazi ipo kwenye mishono ya kushika tabaka. Kwenye cherehani ya kawaida nafasi kati ya sindano na shina la mashine ni sentimita 20 hivi. Mfarishi wa mita mbili kwa mbili inabidi ukunjwe na kusukumizwa humo, nusu nzima, huku nusu ya pili ikining'inia na kuvuta sindano. Mashine ya mkono mrefu iliundwa kuondoa taabu hiyo. Nafasi yake huanzia kama sentimita 45 na nyingine hupita 70. Mfarishi huviringishwa kwenye mabomba ya fremu ambayo mara nyingi hufika mita tatu, nao hutulia hapo. Mashine yenyewe imekaa juu ya magurudumu yanayopita kwenye reli, na mshonaji huisukuma kwa mikono miwili, mbele, nyuma na kando.

Fundi mzoefu hukwama hapo. Amezoea meno ya cherehani yakimvutia kitambaa hatua kwa hatua, na urefu wa mshono ameupanga kwa kishikio. Mashine hii haina meno. Urefu wa mshono unatokana na mwendo wa mkono wake ukilinganishwa na mwendo wa sindano. Chukua hesabu hii: sindano ikipiga mara 600 kwa dakika, ni mara 10 kwa sekunde. Ukitaka kila mshono uwe milimita 2.5, mkono lazima utembee milimita 25 kila sekunde, bila kuchoka na bila kukurupuka. Ukisita kwenye kona, mishono inarundikana. Ukikimbia kwenye mstari mnyoofu, inarefuka na sindano inapinda.

Ndiyo maana nasema wa kwanza kufundishwa mashine hii mkoani Songwe angepaswa kuwa fundi wa darizi. Huyu huondoa mguu wa cherehani, hushusha meno au huyafunika, hubana kitambaa kwenye fremu ya duara, kisha hukisogeza kwa vidole huku akikanyaga. Hesabu ya milimita 25 anaijua kwa mwili, hata kama hajawahi kuiandika. Kinachobadilika kwake ni upande tu: kwenye darizi ni kama karatasi inasogezwa chini ya kalamu iliyosimama, na kwenye mkono mrefu kalamu ndiyo inayotembea.

Mashine nyingi za sasa zina kidhibiti cha mshono: vihisio kwenye magurudumu hupima kasi ya mkono, na mota huongeza au kupunguza mapigo ili mishono ilingane. Ni msaada mkubwa. Hata hivyo, mwanafunzi azoee kwanza kushona bila hicho, kwa sababu kidhibiti hurekebisha urefu wa mshono peke yake. Mkono unaotetemeka hakiutulizi, wala duara lililopinda hakilinyooshi.

Kinachowatesa wanaoanza kuliko chochote ni mkazo wa uzi. Mshono ni uleule wa cherehani tuliyoizoea, uzi wa juu na wa bobini zikifungana, ila safari hii fungo lazima lifiche kichwa katikati ya unene wa tabaka tatu. Anza na bobini. Shika ncha ya uzi, acha kikasha chake kining'inie. Kikishuka chenyewe hadi chini, uzi umelegea. Kikigoma hata ukitikisa, umekaza mno. Kikishuka kidogo kila unapotikisa, kirudishe mahali pake, kisha ndipo ugeukie uzi wa juu. Shona mistari, shona na miduara, kwa sababu mstari mnyoofu huficha makosa. Halafu geuza upande wa chini. Ukiona kwenye mizingo uzi wa juu umelala na kutoa vijinyuzi kama kope, uzi wa juu umelegea au unaingia kwenye kona kwa kasi.

Na usikaze mfarishi kwenye fremu mpaka ulie kama ngoma. Weka kidole chini yake, sukuma juu: umbo la kidole lionekane na uweze kulishika kwa mkono wa pili. Ukikazwa zaidi ya hapo, mashine inaruka mishono na nyuzi zinakatika.

Mpangilio nao una sababu zake. Kwenye cherehani ya kawaida tunaanzia katikati na kwenda nje, ili kitambaa kilichozidi kisukumwe pembeni kisilete makunyanzi. Kwenye fremu tunaanzia juu na kushuka, kwa kuwa mabomba yanafungua mfarishi sehemu kwa sehemu. Wanawake wa Kisidi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, hushona mifarishi yao kwa mkono kuanzia ukingoni, wakizunguka kuelekea katikati, huku wakiongeza viraka kadiri wanavyosonga. Njia tatu tofauti, na zote zinajibu swali moja: kitambaa kilichozidi kiende wapi?

Kuhusu vitambaa, fua vitenge kabla ya kuviunga, maana vingine hupungua na kuchuja rangi. Ukitilia shaka, choma uzi mmoja: pamba huacha jivu laini na harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka na kuganda punje ngumu. Usichanganye hizo mbili kwenye mfarishi mmoja. Tabaka la kati lisikusumbue. Blanketi jepesi la mtumba, lililofuliwa, linafaa kabisa. Sufi ina joto zuri, lakini ikiwa haijashikwa kwa mishono ya karibu itajikusanya pembeni baada ya kufuliwa. Kitambaa cha chini kizidi cha juu kwa sentimita 10 kila upande, ili fremu ipate pa kushika.

Sasa suala la fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha Tunduma, Vwawa au Mlowo kinachofikiria mfarishi kisianze kwa kukopa mashine ya mkono mrefu. Fremu ya mita tatu inahitaji chumba kikubwa kuliko vyumba vingi vya biashara, inahitaji umeme wa uhakika, na sindano zake si zile za cherehani ya nyumbani. Anzeni na cherehani ya kukanyaga, meno yakiwa yamefunikwa, na vipande vya sentimita 40 kwa 40 vyenye tabaka tatu. Shoneni hivyo hadi upande wa chini ufanane na wa juu, kisha viungeni viwe mfarishi mmoja na muuze Juni. Wateja wakizidi uwezo wa miguu yenu, hapo andikeni maombi ya mkopo.