Huyu fuko wa Kenya hazeeki haraka: wanasayansi wanatafuta nini kwake?

Kama unalima mihogo au viazi kule Lizaboni, Songea, fuko kwako ni mwizi tu. Lakini ndugu yake asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia, amewashangaza wanaochunguza uzee.

Kwa nini? Ukubwa wake ni kama wa panya. Panya wa maabara akijitahidi sana hufika miaka 3 au 4. Huyu hupita 30.

Kwa binadamu mtu mzima, hatari ya kufa huongezeka karibu maradufu kila miaka 8. Mwaka 2018, Rochelle Buffenstein na wenzake walichambua kumbukumbu za fuko hao zaidi ya 3,000: hatari hiyo haikupanda na umri. Saratani nayo ni nadra kwao.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwapa panya jeni moja ya fuko huyu. Wakaishi zaidi, ila kidogo tu: takriban asilimia 4.

Je, dawa ipo? Bado. Hao ni panya, si watu. Kwa hiyo mtu akikuletea sokoni "dawa ya kurudisha ujana", hela yako ibaki mfukoni.