Gredi ya 10: Haya ndiyo yanayokungoja katika darasa la Kiingereza na fasihi

Umeshanunua sanduku, godoro na soksi ndefu. Umeonywa kwamba hesabu ni noma na kemia ni mlima. Lakini lipo somo ambalo hakuna aliyekuonya kulihusu, kwa sababu kila mtu anadhani tayari unalijua: Kiingereza.

Kisha ticha anaingia, anaweka riwaya mezani na kuuliza: "Nani amewahi kusoma kitabu kizima, mwanzo hadi mwisho, bila kulazimishwa?" Darasa zima kimya.

Kama wewe ni mmoja wa walionyamaza, tulia. Hauko peke yako. Ila jua mapema unachoingia.

Anza na mpangilio. Katika sekondari ya juu, kila mwanafunzi anasoma Kiingereza, awe amechagua STEM, Sayansi za Jamii au Sanaa na Michezo. Fasihi ya Kiingereza nayo ni somo la kuchagua, na liko katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Kwa hivyo kama ndoto yako ni uanahabari, sheria au kuandika filamu, uliza mapema iwapo shule uliyoitwa inalifundisha. Usingoje hadi muhula wa pili ndipo uanze kumsumbua mwalimu mkuu.

Usisimulie, jibu swali

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba kujua stori ndiko kujua kitabu. Sivyo.

Chukua mfano wa A Doll's House, tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway iliyotoka mwaka wa 1879 na ambayo kaka na dada zako wa 8-4-4 wamekuwa wakiisoma kwa ajili ya KCSE. Nora anakopa pesa kisiri, anaghushi sahihi ya babake, yote ili amwokoe mumewe aliyekuwa mgonjwa. Siri inapofichuka, mume anawazia jina lake kwanza. Nora anafungua mlango na kuondoka.

Hiyo ni stori, na hata beshte yako aliyesoma muhtasari mtandaoni anaijua. Mwalimu atakuuliza jambo tofauti: je, Nora alifanya sawa kuondoka? Hapo lazima uchukue msimamo, utaje tukio, ueleze linaonyesha nini, kisha utaje lingine. Na usiseme mambo ya Norway hayakuhusu. Mtaani kwenu hakuna mtu aliyechukua mkopo kwa simu akamficha mwenzake? Unamjua. Pengine unaishi naye.

Hapa ndipo vijitabu vya mwongozo na programu za akili unde huwaponza wengi. Vitakupa jibu la mtu mwingine. Siku ya mtihani swali likigeuzwa kidogo tu, umebaki mikono mitupu.

Achana na 'ndege waliimba'

Insha nayo itabadilika. Ile asubuhi ya jua kali, ndege wakiimba na wewe ukiamka kwa furaha, mwalimu ameisoma mara mia. Andika unachokijua: makanga anayerudisha chenji pungufu, foleni ya maji Kayole, mama anayefungua kibanda saa kumi alfajiri. Sentensi fupi iliyo sahihi ni bora kuliko misamiati mikubwa uliyokariri na ambayo huwezi kuieleza.

Utaandika pia barua rasmi, ripoti, kumbukumbu za mkutano na barua pepe. Yanaboa, ndiyo. Lakini hayo ndiyo utakayoyahitaji siku ya kuomba kazi.

Na ukirudishiwa daftari likiwa limejaa wino mwekundu, usilifungie chini ya deski. Andika upya kazi ile ile.

Wakikucheka

Sasa tuongee ukweli. Wengi hawanyamazi darasani kwa kukosa wazo. Wananyamaza kwa sababu ya lafudhi. Umekulia kwenye Sheng, au umetoka kijijini, na pale mbele kuna mwenzako aliyesomea shule ya kibinafsi anayeteleza kwa Kiingereza kama maji. Ukikosea neno moja, darasa zima linacheka.

Aibu hiyo ina historia. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi za ukoloni walivyochapwa, au kuvalishwa kibati shingoni chenye maneno ya kuwadhalilisha, kwa kupatikana wakizungumza Kikuyu shuleni. Mwaka wa 1968, yeye, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Kwa hivyo unapofungua kitabu cha mwandishi Mwafrika, au kujadili nyimbo na hadithi simulizi za kwenu katika somo la Kiingereza, kuna watu waliopigania jambo hilo.

Hiyo haimaanishi ukidharau Kiingereza. Kitakufungulia milango, na utatahiniwa kwacho. Ila lafudhi yako si kosa la sarufi. Inua mkono, sema wazo lako, ukikosea rekebisha na uendelee. Jiunge na klabu ya mjadala au drama, kwa sababu ulimi huzoea kwa kutumiwa.

Kama bado unangoja kuripoti, fanya jambo moja wiki hii. Tafuta riwaya moja kwa muuza vitabu vya mitumba au maktaba iliyo karibu, usome kurasa kumi kila usiku, simu ikiwa mbali. Ticha akiuliza lile swali lake, wewe inua mkono.